Nani Ataipokea Pampu

Chwii, kisha kimya. Chwii, kisha kimya tena. Ng'ombe walikuwa bado hawajaanza kukohoa zizini Naisula aliposikia sauti hiyo karibu na mafiga, akajua mumewe ameamka tena na beseni lake.

Olais alikuwa amechuchumaa mbele ya moto mdogo, mkononi ana pampu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa chini. Aliitumbukiza kwenye maji, akavuta mpini juu taratibu, akaushusha, akavuta tena. Safari zote za nyuma maji yalikuwa yakirudi chini na kutoa mapovu. Asubuhi hiyo yalipanda. Yalitokea juu ya pampu, yakamwagika kwenye vidole vyake na kuzima nusu ya moto.

"Umenizimia moto," Naisula alisema kutoka kitandani.

"Njoo uone kwanza. Moto tutauwasha."

Alikwenda akiwa amejifunga shuka. Olais alimwonyesha. Ndani ya pampu ya baiskeli kuna kipande cha ngozi chenye umbo la kikombe, na kikombe hicho hutazama chini ili kisukume upepo. Yeye alikuwa amekiiga hivyo hivyo, ndiyo maana maji yalimkataa muda wote ule. Sasa alikuwa amekigeuza kitazame juu, akatoboa tundu katikati, na juu ya tundu akaweka kifuniko kidogo cha ngozi kinachofunguka na kufunga. Kikishuka, maji hupita. Kikipanda, maji hubebwa.

"Kama mtu anayechota kwa kikombe," Naisula alisema.

"Hivyo hivyo. Nilikuwa nachota kwa kikombe kilichofunikwa kifudifudi, mpumbavu mimi."

Walicheka kidogo. Naisula akaanza kupuliza makaa.

Olais alikuwa mhunzi, wa watu ambao Wamaasai huwaita Ilkunono. Baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake pia. Sime na mikuki mingi ya nchi ile iliyo kati ya Loliondo na Ololosokwan ilitoka kwenye moto wao, ikifuliwa kutokana na springi za magari mabovu. Mtu aliyekuja kuchukua sime yake alisimama nje ya boma, akajipaka mafuta ya kondoo viganjani ili chuma cha mhunzi kisimletee mkosi, akapokea, akaondoka. Hapakuwa na ugomvi. Watu walisalimia njiani, wakauliza habari za ng'ombe na za mvua, wakapita. Ila nyumbani kwa mhunzi hawakuingia, chakula chake hawakula, na binti zake hawakuwaoa. Wahunzi walioana wao kwa wao. Ndivyo Naisula alivyoletwa kutoka upande wa Sale, na ndivyo Nareyu, binti yao wa pekee, alivyochukuliwa kwenda mbali kuliko huko.

Nareyu alipoondoka, nyumba ilibaki na watu wawili, na mmoja wao alishinda kwenye mivukuto.

"Mama Nareyu," Olais alisema, bado akilitazama beseni, "hii ikifanya kazi kisimani, mambo yatabadilika. Mwanamke hawezi kunywa maji yako kila siku halafu apite mlangoni kwako kama hakujui."

Naisula alipuliza mpaka moto ukashika.

"Kisimani watakuja," alisema. "Swali langu ni hapa. Baba Nareyu, nikuambie jambo, usikasirike. Tangu unioe na kunileta hapa sijawahi kumpa mwanamke jirani chai akainywa. Hata mmoja. Mvua zikianza na hakuna aliyeingia mlango huu, nitakwenda kwa mama yangu Sale. Sijui kama nitarudi."

Olais aliweka pampu chini. Hakukasirika. Alichukua kitambaa, akafuta maji yaliyomwagika karibu na miguu ya mkewe.

*

Ulikuwa mwaka wa ukame, katikati ya miaka ya themanini. Kisima cha kijiji kilikuwa na maji, ila pampu iliyoletwa na misheni ilikuwa imekufa na vipuri vyake havikupatikana hata Arusha. Kilifunikwa kwa zege, kwa hiyo hapakuwa hata na mahali pa kushusha ndoo. Wanawake waliwapakia punda madumu alfajiri na kwenda mtoni, wakarudi jua likiwa limeelemea magharibi.

Mwenyekiti wa kijiji, Moloimet, ndiye aliyemwita Olais. Alimwita pembeni, baada ya mkutano kwisha. "Wewe unajua vyuma. Jaribu. Ukishindwa hatutakucheka."

Fundi wa maji wa misheni, Piusi, Mwiraki wa Karatu, alileta mabomba mawili ya zamani juu ya Land Rover. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, na mwenye huruma. Chai ya Naisula aliinywa amesimama, mkono mmoja kwenye mlango wa gari, akisifu maziwa. Naisula alifurahi kila alipokuja. Lakini Piusi alikuwa mtu wa njiani. Vumbi lake likitulia, ukimya ulirudi palepale.

Olais alitengeneza pampu nzima ya mti kwanza, ndogo, apate kuona kila kiungo kinavyotembea. Kisha akaanza ile kubwa. Ngozi ndiyo iliyomsumbua. Ya mbuzi ilikuwa laini mno, ikajikunja. Ya mgongo wa ng'ombe ilikuwa ngumu, ikakwaruza bomba. Mwishowe alichukua ya tumbo, akailoweka katika mafuta, akaifunga juu ya gogo alilolichonga duara, akaiacha ikauke ikiwa na umbo la kikombe. Ile ikakaa.

Baada ya hapo ukabaki mkono wa pampu, ule ambao wanawake wangeushika.

Aliuchonga kwa oloirien, mti mgumu unaotumika kutengenezea rungu. Aliunyoosha, akausugua, ukang'aa. Siku Piusi alipokuja waliupeleka kisimani kuujaribu wao wawili. Olais alivuta mara chache, maji yakakaribia, wakayasikia yakigugumia ndani ya bomba, kisha mti ukapasuka pale kwenye tundu la pini.

Alichonga mwingine, mnene zaidi. Ukapasuka palepale.

"Wa nini huu ubishi?" Piusi alimuuliza. "Mti ukishautoboa umeshaudhoofisha. Una vyuma vimejaa nyumbani. Fua mkono wa chuma, yaishe."

"Nikifua wa chuma nani ataushika?"

"Si wanashika sime zako?"

Olais alikaa kwenye ukingo wa zege. "Sime nampa mtu mmoja. Anajipaka mafuta, anaipokea, inakuwa yake. Imetoka kwangu, imeisha. Sasa pampu, Fundi, ni ya nani? Nani ataipokea kwangu?"

Piusi akaketi kando yake ingawa alikuwa amechelewa safari.

"Kwetu Karatu," alisema, "ningekuambia wazee wakae wazungumze. Hapa sijui, ndugu yangu. Najua tu mti hautafaa."

Olais akafua mkono wa chuma. Kisha akachukua ngozi mbichi ya ng'ombe, akaushona ndani yake ikiwa imelowa, akauacha juani. Ngozi ilipokauka ikabana kama gamba. Mtu angeushika asiguse chuma hata kidogo. Naisula ndiye aliyeshona, na mishono yake ilikuwa midogo, mizuri, kama anamshonea mtoto.

*

Siku ya kuikabidhi, Moloimet alivaa koti juu ya shuka lake.

"Ndugu wananchi," alisema, "hii ndiyo kujitegemea. Wengine wanangoja vipuri kutoka Ulaya. Sisi tumejitengenezea hapahapa. Mnaona? Hakuna hata nati ya Ulaya."

"Nati ipo moja," Olais alisema kwa upole. "Ni ya Fundi Piusi."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, na kwa dakika hiyo Naisula, aliyesimama nyuma kidogo na dumu lake, alidhani kila kitu kitakwenda vizuri.

"Haya," Moloimet akasema. "Akina mama, karibuni. Nani anaanza?"

Wanawake walitazamana. Punda mmoja alitikisa masikio. Mwanamke aliyekuwa mbele alirudi nyuma ya mwenzake kana kwamba amekumbuka kitu.

"Mwenyekiti, anza wewe," sauti moja ilisema. "Wewe ndiye uliyeagiza."

"Mimi ni mwanamume. Mwanamume hachoti maji."

"Ah, lakini kuyanywa unayanywa."

Wakacheka tena, safari hii bila utamu. Moloimet alitazama viatu vyake.

Naisula hakuweza kuvumilia kumwona mumewe amesimama pale mikono imening'inia. Alisogea mbele. Dumu lililokuwa karibu lilikuwa la Eunike, mke mdogo wa Moloimet. Naisula alilitia chini ya mdomo wa pampu, akashika mkono, akavuta. Maji yalikuja. Yalikuja meupe, mazito, yakapiga ndani ya dumu kwa kishindo, na watoto wakapiga kelele za furaha. Alivuta mpaka likajaa. Kisha akalibeba kwa mikono miwili na kulipeleka mbele ya Eunike, akitabasamu.

Eunike hakulipokea.

Hakuwa mwanamke mbaya. Mashavu yake yalionyesha aibu. Alisema, "Asante, mke wa mhunzi, liweke tu hapo," na Naisula akaliweka.

Hapo alielewa alichofanya. Alikuwa ametaka kuonyesha kwamba maji ni maji. Lakini aliyegusa wa kwanza alikuwa mke wa mhunzi, kwa hiyo pampu ilikuwa imetoka kwa mhunzi ikaingia kwa mhunzi. Ilikuwa yao sasa. Kama ingekuwa bado haijaguswa na mtu, pengine mmoja angejikaza.

Moloimet alisema maneno mengine kuhusu maendeleo. Kisha wanawake mmoja mmoja wakawageuza punda, wakashika njia ya mtoni, wamechelewa na jua kali. Eunike alikwenda nao. Dumu lake lilibaki pale limejaa. Siku zile dumu lilikuwa kitu cha kutafutwa, hukuliacha hivihivi.

"Twende nyumbani," Olais alisema.

"Nenda. Mimi nalinda dumu la watu."

Olais alikaa. Walikaa wote wawili kwenye ukingo wa zege. Kivuli cha pampu kilirefuka, kikapita juu ya miguu yao. Naisula aliwaza njia ya Sale, mahali inapoteremka, na jinsi mama yake angemwuliza mbona amekonda.

Wakati huo alikuja Nanyori.

Kijiji kizima kilimwita Koko, yaani bibi. Alikuwa mzee sana, mjane, na kwa muda mrefu hakuwa ameweza kufika mtoni. Alikunywa maji aliyopewa, na siku jirani walipojisahau alikaa na kiu. Alikuja akiegemea fimbo, na kiunoni amefunga pembe ndogo ya mafuta.

"Sopa, Olais," alimsalimia.

"Ipa, Koko."

"Wameikataa?"

"Hawajaikataa. Hakuna wa kuipokea."

"Hilo si ndilo kukataa?" Koko alifungua pembe, akamimina mafuta kiganjani, akayasugua mikono yote miwili mpaka kwenye vifundo, bila haraka, kama mtu anayejiandaa kukamua. Mengine aliyapaka kwenye mkono wa pampu, juu ya mishono ya Naisula. "Umeshona vizuri," alisema. Kisha akainyoosha mikono mbele ya Olais. "Nipe."

Olais hakujua la kufanya, maana pampu ilikuwa imezikwa kwenye zege. Mwishowe aliushika mkono wa pampu upande wa juu, naye Koko akaushika chini, na Olais akauachia.

"Nimepokea," Koko alisema. "Ni yangu. Anayetaka maji ataomba kwangu."

Alivuta kidogo, akachoka, akanywa kwa kiganja. Kisha akaligusa dumu la Eunike kwa fimbo. "Hili nitampelekea ujumbe aje alichukue. Dumu ni lake, maji ni yangu. Atasema nini?"

*

Eunike hakusema kitu. Alikuja jioni ileile kulichukua, na kesho yake alfajiri alikwenda nyumbani kwa Koko kuomba ruhusa, na nyuma yake wengine. Haikuchukua muda pampu ikazoeleka. Watu waliiita pampu ya Koko. Kabla ya kuchota walipita kwake, wengine na maziwa kidogo, wengine na kijinga cha moto au kuni chache, na kwa kuwa walikuwa hapo tayari walikaa wakazungumza. Nyumba ya Koko, iliyokuwa kimya tangu azikwe mumewe, ilijaa vicheko.

Olais alikwenda kisimani wakati watu hawapo, akaangalia pini, akakaza nati ya Piusi, akarudi. Aliridhika. Alikuwa ameanza kuchora mchangani pampu nyingine, ya kisima kirefu zaidi.

"Wanakunywa," alimwambia mkewe. "Hawaumwi. Polepole watazoea."

"Nimefurahi kwa ajili yako," Naisula alisema, naye alikuwa anasema kweli.

Kutoka mlangoni kwake aliwaona wanawake wakipita kwenda kwa Koko. Walimsalimia. Mmoja wao alisema hata, "Maji ya Koko ni matamu." Mke wa mhunzi akaitikia kwamba ni matamu sana.

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa milima. Naisula alitoa shuka lake zuri, akafunga ndani yake shanga alizomshonea mama yake, na sahani moja. Olais aliuona mzigo, akatoka nje. Siku hiyo nyundo yake haikulia.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, na asubuhi ardhi ilikuwa laini. Olais alikuwa ameondoka mapema kumtafuta mtu mwenye punda wa kuazima kwa ajili ya safari ya mkewe. Naisula alikuwa anafagia aliposikia fimbo ikigonga nje.

"Hodi wenyewe."

Alidhani amesikia vibaya. Watu hawakupiga hodi pale, waliita wakiwa nje ya boma. Alipotoka alimkuta Koko mlangoni kabisa, miguu imejaa tope, pumzi zimemwishia.

"Takwenya," Koko akamsalimia.

"Iko." Naisula aliinamisha kichwa kama mtu mdogo anavyomwinamia mkubwa, kisha akakumbuka kwamba pale hakuna anayemgusa mke wa mhunzi, akaanza kukiinua. Mkono wa Koko ulikuwa umeshafika. Ulikuwa mkavu, mzito, ukakaa pale utosini.

"Baba Nareyu hayupo," Naisula alisema. "Ametoka."

"Pampu imeanza kutapika upepo. Wanasema mwenyekiti amtume mtu aje kumwita mhunzi. Nikasema, pampu ni yangu, mhunzi namwita mwenyewe."

"Ni ngozi imekwisha. Nitamwambia. Ana nyingine tayari."

"Vizuri."

Koko hakuondoka. "Sasa utaniacha nisimame kwenye tope mpaka arudi?"

Naisula alisogea pembeni, na Koko akainama, akaingia. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akanyoosha miguu, akatazama huku na huku bila kuficha, kama wanavyotazama wanawake wanapoingia nyumba ya mwenzao mara ya kwanza.

Naisula aliinjika maziwa. Sukari alikuwa nayo, kidogo, katika kopo. Ilikuwa adimu mwaka ule, naye aliiweka bila kuigusa kwa ajili ya mgeni, mpaka ikaganda ikawa jiwe. Aliigonga kwa kijiko, haikumeguka. Akaigonga kwa kisu. Kopo likamponyoka.

"Lete," Koko akasema. Akalichukua, akaligonga mara moja kwa kichwa cha fimbo. Sukari ikavunjika. "Meno yangu yamekwisha ila fimbo bado ninayo."

Naisula alicheka, na kicheko kikamshinda, akageukia moto ili afute macho kwa shuka.

Koko alikunywa chai yote. Hakuinusa, hakuigusa kwa ncha ya mdomo kama anayejaribu. Alikunywa kwa sauti, akainua kikombe apewe nyingine. Wakati wa kikombe cha pili ndipo alipouona mzigo karibu na kitanda.

"Ng'oto Nareyu, unasafiri?"

Hakuna jirani aliyewahi kumwita hivyo, mama yake Nareyu. Walisema mke wa mhunzi.

"Nakwenda kwa mama, Sale."

"Kusalimia?"

Naisula alikoroga maziwa yaliyokuwa yamekwisha kuchemka. "Koko, nyumba hii ni ndefu sana kwa mtu mmoja mchana kutwa."

"Najua," Koko alisema. "Yangu ilikuwa hivyo. Sasa imejaa, siku nyingine natamani waondoke nilale." Alikizungusha kikombe mikononi. "Nimekaa nikawaza. Wale wote wanaokuja kwangu wanakuja kwa ajili ya pampu, na pampu aliitengeneza mumeo, wewe ukashona. Wageni wale walikuwa wako, mwanangu. Mimi nimekaa tu mahali pako. Ndiyo maana nimekuja na miguu yangu hii. Siwezi kukuletea wote. Eunike anaogopa, na wengine wataogopa mpaka wafe. Nimeona nikuletee mmoja."

Mvua ilianza tena juu ya paa, nyepesi. Koko aliuliza habari za Nareyu, kama amejifungua, kama mume wake ana mkono mwepesi wa kupiga, na Naisula akamweleza yote, hata yale ambayo hakuwa amemwambia Olais. Alipomaliza, chai ilikuwa imekwisha na mvua imepungua.

Koko alijiinua kwa fimbo. Naisula alimshika mkono mpaka nje, akamvusha tope la mbele ya boma, akamvusha na dimbwi la pili ambalo Koko angeweza kulizunguka mwenyewe. Njiani kwa mbali Olais alikuwa anarudi, anamvuta punda kwa kamba. Alipowaona wamesimama pamoja, naye akasimama.

"Haya, nirudishie mkono wangu," Koko akasema.

Naisula alikuwa bado ameushika.

"Koko," alisema, "uje tena. Hata kama pampu haijaharibika."